Delfiniamu: usione huruma kukata

Wengi wakianza kupanda delfiniamu, mmea wa bustani wenye mashuke marefu ya maua, huuliza mbolea gani iwekwe. Mbolea si tatizo: udongo wenye mboji ya kutosha, usiotuamisha maji, na jua la saa 6 au zaidi kwa siku vinautosha mmea huu. Kinachowaangusha watu ni mashina. Chotara wa Delphinium elatum, yaani delfiniamu ndefu za bustani, hufikia mita 1.5 hadi 2, na shina lote hilo ni tupu ndani. Juu yake linabeba shuke lililojaa maua, ambalo likinyeshewa huzidi uzito. Upepo kidogo tu, chini!

Kwa hiyo kazi huanza mapema, machipukizi yanapofika sentimita 20 hadi 30. Yatakuwa mengi, yamenawiri, na roho itasita. Kata. Mmea wa mwaka wa kwanza nauachia machipukizi mawili au matatu, uliokomaa matano hadi saba. Nabakiza yale manene, naondoa membamba na yaliyobanana katikati, tena usawa wa udongo kwa kisu chenye makali. Hapo mashuke yatakuwa machache ila marefu na yaliyoshiba, na hewa itapita vizuri, jambo linalopunguza ubwiri unga, ule ugonjwa unaoacha majani kama yamenyunyiziwa unga. Kwa sababu hiyo hiyo, mwagilia shinani, usilowanishe majani.

Kila shina lililobaki nalisimikia mwanzi wake wa kuliegemeza. Chomeka mwanzi mapema, mmea ukiwa bado mfupi, maana baadaye utatoboa mizizi. Kamba iwe laini: izungushe kwenye mwanzi, ipishanishe katikati kama tarakimu 8, kisha izungushe kwenye shina kwa kulegeza kiasi cha kupitisha kidole. Ukikaza, upepo utalivunja shina palepale kwenye fundo. Ongeza kamba nyingine kila shina linapopanda sentimita 30 hivi, na usiache sehemu ya chini ya shuke bila kufungwa.

Adui mwingine ni koa na konokono. Hao hawasubiri maua. Hula chipukizi linapotoboa ardhi, nawe utadhani mmea umekufa. Toka na tochi usiku udongo ukiwa na unyevu, uwaokote kwa mkono. Inachosha, lakini nayaamini macho yangu kuliko dawa.

Maua yakinyauka, kata shuke peke yake na uache majani yaendelee kulisha mizizi. Machipukizi mapya yakianza kutoka chini, ndipo uondoe shina la zamani, uweke mboji na kumwagilia. Hali ya hewa ikiwa ya ubaridi, mara nyingi utapata maua ya awamu ya pili, mafupi kidogo. Kwenye joto kali usitegemee sana; mmea huu haulipendi.

Hata ukiutunza vipi, hauishi miaka mingi, hivyo andaa mrithi. Mbegu hupoteza nguvu haraka zikikaa kwenye joto, zihifadhi kwenye friji. Ukitaka rangi ileile ya mmea wako, pandikiza chipukizi changa lililokatwa pamoja na kipande cha kisiki chake, kitako kikiwa kigumu bila tundu; chenye tundu huoza kabla ya kutoa mizizi. Vaa glavu ukifanya haya yote. Delfiniamu ni sumu kuanzia jani hadi mbegu, na mbegu zake ni ndogo, nyeusi, rahisi kwa mtoto kuziokota.