Kazi naijua, fomu ndiyo inayonishinda

SWALI: Shikamoo Bibi. Maneno haya nasema mimi, anayeandika ni dada yangu. Nina miaka 31, naishi Makorora, Tanga. Tangu darasa la pili kusoma kunanipa tabu. Kiswahili nasoma, ila polepole, na mstari mmoja naurudia mara mbili tatu. Kiingereza ndiyo kabisa. Walimu walisema mimi mvivu, nyumbani wakasema nimerogwa. Shule niliishia kidato cha pili. Baadaye nikapata kazi duka la vipuri vya pikipiki na bajaji hapa Ngamiani, mpaka stoo yote nikawa naipanga mimi. Ukitaja kipuri nakuletea bila kusoma boksi. Tajiri alifariki, watoto wake wakafunga duka, na tangu hapo natafuta. Juzi niliitwa kiwandani kwa kazi ya stoo. Nikapewa fomu ya Kiingereza, kurasa nne, niijaze palepale mbele ya karani. Nikasema nimesahau miwani nyumbani. Nikaondoka, sikurudi. Mtu kama mimi atafuteje kazi? Na niseme ukweli au nifiche?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mpe dada yako salamu zangu, na barua hii akusomee polepole.

Neno la uvivu tulitoe kwanza. Mvivu hawezi kushika stoo nzima kichwani. Unayoyaeleza yanafanana na hali ambayo wataalamu wanaiita disleksia. Ubongo unapata tabu kuunganisha herufi na sauti yake, na mara nyingi hali hiyo inatembea ndani ya ukoo. Akili ya mtu haihusiki hapo, na uchawi hauhusiki. Kwa Kiswahili, ambacho kinasomeka kama kinavyoandikwa, mwenye hali hii husoma ila huchelewa. Kwenye Kiingereza herufi zilezile hubadili sauti kila neno, na hapo ndipo anapokwama. Sekondari zetu zinafundisha kwa Kiingereza. Ndiyo maana kidato cha pili sikishangai. Lakini mimi si daktari, kwa hiyo anzia hospitali ya Bombo wakupime macho, ujue kama kuna tatizo jingine juu ya hilo.

Sasa kazi. Mimi nimekaa miaka mingi ofisi ya utumishi, kwanza kwenye shamba la mkonge, baadaye kiwandani hapahapa Tanga, na nimewapa watu fomu kama hiyo uliyoikimbia. Karani anayekupa fomu hapimi kazi. Mlangoni kuna watu wengi, nafasi ni mbili, na fomu ndiyo inayompunguzia kundi. Ukianzia kwake, umeanzia mahali ambapo hawezi kukujua. Anzia kwa mtu ambaye stoo yake imevurugika na inamtia hasara.

Na watu hao unawajua. Mafundi pikipiki waliokuwa wakija dukani kwenu, unawafahamu kwa majina. Wauza jumla waliokuwa wakimletea marehemu mzigo, unawafahamu. Wafuate hao kabla ya kupeleka barua popote. Nenda kama saa nne hivi, msongamano wa asubuhi umepungua na jua halijamchosha mtu. Usiseme "natafuta kazi yoyote." Huyo wa kazi yoyote anapita kila siku, na anajibiwa "tutakuita." Sema: "Mimi ndiye nilikuwa napanga stoo ya marehemu fulani. Nipe siku mbili za deiwaka nikupangie vipuri vyako, uone." Mkubaliane siku ngapi na ujira kiasi gani kabla hujashika boksi la kwanza, maana majaribio yasiyo na mwisho nimeyaona yakigeuka kibarua cha bure.

Nikupe mfano mmoja niliouona kwa macho yangu. Kiwandani tulikuwa na mtu wa ghala ambaye kusoma kulimpa tabu. Kila aina ya mzigo ilipoingia, alifunga uzi wa rangi kwenye mdomo wa gunia la kwanza la kila safu: mwekundu kwa mzigo wa kutoka upesi, wa bluu kwa mzigo wa kulala, mweupe kwa uliorudishwa. Leja alishika karani mwingine. Mkaguzi alipokuja, karani alikuwa bado anapekua kurasa, yeye ameshafika kwenye safu na mkono uko juu ya gunia. Meneja hakuwahi kuuliza kama alimaliza shule. Naamini na wewe una mbinu zako za namna hiyo, ila umezoea kuziona za kuficha aibu. Ukienda kwa tajiri, mwoneshe.

Hata hivyo fomu utakutana nazo, hazikwepeki. Kwa hiyo fanya hivi wiki hii na dada yako. Chukueni karatasi ngumu moja, ile ya kadi, muigawe kwa mstari katikati. Kushoto aandike kwa herufi kubwa, kwa Kiingereza kama yalivyo kwenye fomu, maneno ambayo fomu hizo huuliza karibu zote: jina la kwanza, jina la ukoo, tarehe ya kuzaliwa, mahali unapoishi, namba ya kitambulisho cha taifa, elimu, kazi uliyowahi kufanya, mdhamini, ndugu wa karibu. Kulia aandike jibu lako, kama linavyotakiwa kuonekana kwenye fomu. Jina liwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. Kadi hiyo ikae mfukoni. Ukipewa fomu hutaanza kusoma, utalinganisha neno na neno, na kulinganisha unakuweza, kwa sababu ndivyo ulivyokuwa ukitafuta vipuri. Fanyeni mazoezi nyumbani kwa fomu za zamani za steshenari mpaka mkono uzoee.

Umeuliza useme au ufiche. Sema, lakini chagua wakati, na maneno yawe machache. Usiliandike kwenye barua ya maombi, na usilitangaze mlangoni. Lisubirishe mpaka wamekuona ukifanya kazi, au mpaka pale karatasi inapokaribia kukukwamisha, lolote litakalotangulia. Kisha useme hivi, bila kuinamisha kichwa: "Kusoma kwangu ni polepole tangu utotoni. Maelekezo ya mdomo nayashika mara moja. Fomu hii naomba niende nayo nyumbani, kesho saa mbili asubuhi iko mezani kwako." Basi. Umemwambia shida, umemwambia unachoweza, umemwambia afanye nini. Waajiri wengi huogopa shida wasiyojua mwisho wake, na wewe mwisho wake umeshaueleza. Wapo watakaokataa, sikufichi. Lakini hadithi ya miwani ilikunyima hata nafasi ya kukataliwa.

Na karani wa kiwanda kile, ningekuwa wewe ningerudi kwake nikaseme maneno hayohayo. Kama nafasi imejazwa, muulize nyingine inatoka lini.

Sheria nayo ijue, isije ikawa unaomba kama hisani kitu ambacho ni haki yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa ulemavu, na inamhesabu hata yule anayeomba kazi. Kifungu cha 15 kinasema mfanyakazi asiyeelewa maelezo ya maandishi ya ajira yake aelezwe kwa namna anayoielewa. Kwa hiyo ukiletewa mkataba usiweke sahihi kwa haraka ili usionekane mzito. Omba usomewe, au omba uupige picha uende nao kwa dada. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 27 inataka mahali pa kazi pafanyiwe marekebisho ya busara kwa mwenye ulemavu. Kwako wewe marekebisho hayo ni kuelekezwa kwa mdomo na kuongezewa muda wa fomu, vitu visivyo na gharama.

Kuna pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na asilimia 3 ya wenye ulemavu. Wengi huniandikia wakiishikilia hiyo tu. Mimi nakushauri usiiegemee. Duka la watu watatu haliguswi nayo, na hali yako haionekani kwa macho, kwa hiyo kiwandani wanaweza kukudai uthibitisho wa daktari ambao kwa sasa huna. Kwenye kazi za serikali ni tofauti kidogo, matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huwahimiza wenye ulemavu waombe na waeleze ulemavu wao kwenye mfumo. Lakini usaili wa huko huanza na mtihani wa kuandika, na sioni kwa nini uanzie kwenye mlango mgumu kuliko yote.

Kuhusu cheti, kama kwa miaka ile dukani ulijifunza pia kufungua na kufunga injini, nenda chuo cha VETA hapa Tanga ukaulizie urasimishaji wa ujuzi. Huo ni utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia mtaani, kwa vitendo, na akifaulu anapewa cheti. Ukifika pale waambie mapema kwamba maswali ya kuandika ungependa usomewe. Watakaokwambia watakutafutia cheti cha kidato cha nne kwa laki kadhaa, waepuke kabisa. Mwaka 2017 watumishi wa umma 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi, na kazi zikawaponyoka, wengine wakiwa wamezitumikia miaka mingi na kuzifanya vizuri. Na dalali anayetaka hela ya "usaili" naye mpite tu.

Mwisho, simu. Mwambie tajiri akutumie ujumbe wa sauti WhatsApp badala ya maandishi. Wenye maduka wengi ndivyo wanavyopenda wenyewe. Ukishazunguka kwa mafundi, niandikie tena, yaani mwambie dada aniandikie, nataka kujua nani alikupa zile siku mbili.

SWALI: Bibi, mimi ni mama, naandika kutoka Bagamoyo. Binti yangu ana miaka 22, uelewa wake ni mdogo tangu kuzaliwa, ila kuosha vyombo, kuparua samaki na kufagia anafanya vizuri ukimwonesha. Mama lishe mmoja jirani na soko la samaki amemchukua miezi mingi sasa, anampa chakula tu. Nikiuliza ananiambia, "Si nakusaidia kumwangalia?" Ninyamaze?

JIBU: Usinyamaze, mwenzangu. Anayeparua samaki wa biashara anafanya kazi. Nenda ukakae pale asubuhi moja, uone anafanya nini tangu kufika mpaka kuondoka, kisha muulize mama lishe kwa upole msichana mwingine angemlipa kiasi gani kwa kazi hiyo. Hicho ndicho binti yako alipwe. Kama kasi yake ni ndogo, punguzeni saa, ujira wa saa ubaki uleule.

Pesa apewe mkononi mwake, kila siku wakati uleule, kiasi kilekile. Mfundishe noti kwa picha: elfu kumi ni tembo, elfu tano ni kifaru, elfu mbili ni simba, elfu moja ni Mwalimu Nyerere. Aanze kwa kutambua ile noti anayolipwa, mpaka mtu akimpa nyingine aikatae. Zikishatulia hizo, mtume dukani.

Mama lishe akigoma, mtoe, kisha uende ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yenu. Halmashauri hutenga asilimia 2 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba kwa watu wenye ulemavu. Waulize utaratibu wa sasa ukoje kwa familia yenye mtu kama binti yako, na uende naye mwenyewe, wamwone.