Maswali ya Wasomaji: Mwarobaini wa bibi na darasa la famasia

SWALI: Shikamoo Bi. Mfamasia. Nimeanza mwaka wa kwanza wa famasia. Nilidhani tutaanza na dawa zenyewe, kumbe ni umumunyifu (jinsi dawa inavyoyeyuka majini), dozi, ini na figo. Bibi yangu wa Muheza huchemsha majani ya mwarobaini, na wenye homa wakinywa hupata nafuu. Kwa nini tusiyasage majani yale tukatengeneza vidonge?
Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuanze na huko kuchemsha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Tu Youyou na wenzake kule China walikuwa wakitafuta dawa ya malaria kwenye mmea wa Artemisia annua, jamaa ya pakanga. Matokeo yakawa hayaeleweki: mara dawa inafanya kazi, mara haifanyi. Akarudi kwenye maandishi ya tabibu Ge Hong, ya karne ya 4, akakuta mmea unalowekwa majini, unakamuliwa, maji yake yananywewa. Moto haukutajwa. Akashuku kwamba joto ndilo linaloiharibu dawa, akaitoa dawa kwenye mmea kwa etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 35 hivi, na panya wenye malaria wakapona. Mwaka 2015 alipata Tuzo ya Nobel. Mseto, dawa ya malaria tunayopewa zahanati, umetokana na kazi hiyo.

Dozi nayo ina historia yake hapo juu ya Muheza, Amani. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti pale mwaka 1902, wakapanda na miti ya kwinini, dawa ya malaria. Gome la mti mmoja huwa na kwinini nyingi, la mti wa pili kidogo. Pelletier na Caventou wa Ufaransa walipoitenga kwinini mwaka 1820, ndipo tabibu alipoweza kupima hasa anachompa mgonjwa. Na kwinini si ya kukadiria kwa macho: ikizidi masikio yanavuma, ikizidi zaidi inadhuru macho na moyo. Ukisaga majani ukayafanya vidonge, bado hujui kila kidonge kimebeba nini.

Umumunyifu usiuchoke; mimi naupenda kuliko mada zote za mwaka wa kwanza. Ndani ya mseto kuna lumefantrini, ambayo haipendi maji. Mgonjwa akiimeza na tumbo tupu, sehemu kubwa inapita bila kuingia kwenye damu. Ndiyo maana tunamwambia anywe na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo.

Kuhusu wanaopata nafuu kwa bibi: homa nyingi hushuka zenyewe. Kwa hiyo dawa mpya, baada ya kujaribiwa kwa wanyama, hupewa kwanza watu wachache kuangalia usalama, kisha wagonjwa, na mwishowe wagonjwa wengi wakilinganishwa na wasioipata. Kazi hiyo mara nyingi huzidi miaka 10.

Likizo ikifika, kaa na bibi jikoni uandike: majani mabichi au makavu, anachuma msimu gani, anachemsha kwa muda gani, anampa nani na nani anamnyima. Omba ruhusa yake kabla hujapeleka uliyoyaandika kwa mwalimu wako, kwa sababu elimu hiyo ni yake. Mwambie pia, kwa adabu, kwamba watoto wachanga wamewahi kudhurika vibaya kwa kunyweshwa mafuta ya mwarobaini, na kwamba mwenye homa apelekwe kupimwa malaria siku hiyohiyo.