Unapinga Mafuta Lakini Unapanda Boda: Ushauri kwa Vijana wa Mazingira Uganda

"Umekuja hapa kwa miguu?" Hilo ndilo swali la kwanza analoulizwa kijana wa Kasese, magharibi mwa Uganda, akisimama na bango la kupinga bomba la mafuta. La pili: kwenu mnapikia nini? La tatu: nani anawalipa? Nimekuwa kwenye harakati za mazingira kwa miaka mingi, pamoja na vijana wanaoishi kando ya mto Nyamwamba, na maswali hayo nimeyasikia sokoni, kwenye stendi ya boda, msibani, na kwenye ofisi za serikali. Siyachukii. Ni maswali ya haki, na anayedai wengine wabadilike lazima awe tayari kuyajibu. Ninaandika kwa ajili ya kijana anayeanza, ili ajue wapi ajibu kwa maneno na wapi ajibu kwa mwenendo wake.

Huku kwetu hakuna haja ya kumshawishi mtu kwamba hali ya hewa imeharibika. Nyamwamba ulifurika Mei 2013, ukarudia 2014, na Mei 2020 ukaingia mpaka hospitali ya Kilembe. Wazee wanaokumbuka theluji ya Rwenzori ilivyokuwa ikionekana zamani wanaona wenyewe jinsi ilivyopungua. Kinachobishaniwa Kasese ni wewe unayesema: una haki gani ya kusema?

Tuanze na boda, maana ndiyo inayotajwa zaidi. Pikipiki hutumia takriban lita mbili na nusu za petroli kwa kilomita 100, na lita moja ikiungua hutoa zaidi kidogo ya kilo mbili za hewa ukaa. Kwa hiyo safari ya kilomita nne mjini ni kama robo kilo. Sasa angalia EACOP, yaani bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki. Lina urefu wa kilomita 1,443, kutoka Hoima, magharibi mwa Uganda, hadi Chongoleani karibu na Tanga, Tanzania, na limepangwa kupitisha hadi mapipa 216,000 kwa siku. Pipa moja la mafuta likishachomwa hutoa zaidi ya kilo 400 za hewa hiyo. Zidisha mwenyewe: ni zaidi ya tani 86,000 kila siku. Na hapo sijahesabu nishati ya kulipasha bomba lenyewe moto njia nzima, kwa kuwa mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi na huganda yasipopashwa. Mwananchi wa Uganda kwa wastani hatoi hata robo tani kwa mwaka kutokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe, ilhali wastani wa dunia umezidi tani nne.

Jifunze hesabu hiyo mpaka uweze kuieleza bila karatasi, kwa lugha ya nyumbani kwenu. Lakini usiitumie kumnyamazisha mwenye boda. Yule kijana analipa mkopo wa pikipiki na kusomesha watoto, na mvua ikibomoa daraja yeye ndiye wa kwanza kukosa kazi. Mimi humwambia wazi: nimepanda boda yako kwa sababu hapa hakuna basi la mjini, na siku likija basi au boda ya umeme ya bei tunayoiweza, nitapanda hiyo. Jibu hilo ni la kweli, na watu wanaujua ukweli wakiusikia. Kinachowaudhi ni kijana anayejifanya hajawahi kugusa petroli.

Swali la jiko ni gumu zaidi, nami sitaki ulipite haraka. Waganda walio wengi mno hupika kwa kuni na mkaa. Umeme wetu mwingi unatoka kwenye mabwawa ya mto Nile, na Karuma iliyozinduliwa 2024 imeongeza uwezo wa megawati 600, lakini nyumba nyingi hazijafikiwa na waya, na zilizofikiwa hutumia umeme kwa taa na simu kwa kuogopa gharama. Mtungi wa gesi unahitaji pesa nyingi kwa mkupuo mmoja, na mkaa unanunuliwa kwa kopo. Ndiyo maana mama anayepika kwa sigiri hapaswi kusimangwa na mtu yeyote, hasa na kijana anayekula chakula hichohicho jioni.

Hata hivyo jikoni kuna nafasi ya kubadilika, na hapo ndipo mtetezi wa mazingira anaweza kuonekana tofauti na jirani zake. Loweka maharage tangu usiku. Yataiva kwa moto mdogo sana kuliko makavu. Funika sufuria. Tafuta jiko banifu la udongo, au jifunze kulitengeneza. Kwetu kuna kahawa, na maganda yake yanafaa kutengenezea mkaa mbadala, sawa na maganda ya matooke, yaani ndizi za kupika, yaliyokaushwa. Vijana wa kundi letu walianza na mama zao kabla ya kwenda kwa mtu mwingine yeyote, na mama hao ndio waliowahubiria majirani, kwa sababu gunia lilidumu zaidi. Mei 2023 Rais alitoa amri ya kupiga marufuku ukataji miti kwa ajili ya mkaa wa biashara kaskazini mwa nchi, ila marufuku peke yake haiivishi ugali wa mtu. Ukisema "acheni mkaa", uwe na kitu cha kupikia cha kumwonyesha anayekusikiliza.

Sasa niingie kwenye yale ambayo hayana udhuru kabisa, yaani siku yenyewe ya maandamano au mkutano. Hapa ndipo ninapokuwa mkali na vijana wangu.

Nimehudhuria mikutano ya mazingira ambapo kila kiti kina chupa ya plastiki ya maji mbele yake, chakula kimekuja kwenye vifungashio vya plastiki, na bango la plastiki limechapishwa tarehe juu yake ili lisitumike tena. Baada ya saa tatu uwanja unabaki na taka kuliko siku ya mnada. Hakuna aliyelazimishwa. Hakuna umaskini unaoeleza jambo hilo, wala sera ya serikali. Ni uzembe, na mpita njia ana haki ya kuukumbuka kuliko hotuba. Sheria ya Mazingira ya 2019 imepiga marufuku kavera, yaani mifuko ya plastiki, nyembamba chini ya mikroni 30, na bado zinauzwa kila duka. Kama sisi tunaodai sheria ifuatwe tunazibeba, tunamdai nani? Wakazi wa Kiteezi, nje ya Kampala, waliangukiwa na jaa la taka Agosti 10, 2024, na watu zaidi ya 30 wakafa. Chupa na kavera za mikutano ya mjini huishia kwenye majaa kama hilo.

Kwa hiyo fanya hivi. Chemsheni maji jana yake, yaje kwenye jerikani safi, kila mtu na kikombe chake. Mabango yaandikwe kwa rangi kwenye kitambaa cha marekani, bila tarehe, yaoshwe na kutunzwa. Moja la kwetu limetumika mpaka herufi zimepauka na bado linasomeka. Chakula kifungwe kwa majani ya migomba, jambo ambalo bibi zetu hawakufundishwa na semina yoyote. Fulana mpya za kila tukio achaneni nazo. Kama mnahitaji spika, ulizeni kwanza kama kuna mtu mwenye betri ya sola kabla ya kukodi jenereta. Na watu wawili wabaki nyuma kuokota kila kitu, wakiwemo viongozi, kwa zamu.

Upandaji miti nao una unafiki wake. Mche unapandwa mbele ya kamera, wageni wanaondoka, mbuzi wanamaliza kazi. Leah Namugerwa, mwanaharakati kijana wa Uganda, alipotimiza miaka 15 mwaka 2019 alipanda miti 200 badala ya kufanya sherehe, na watu wengi wameiga tangu hapo, jambo jema. Ninachokuomba ni kuhesabu miti iliyo hai baada ya kiangazi, wala usitangaze iliyopandwa. Kando ya mto panda mianzi na miti ya asili inayoshika udongo. Mkaratusi unakua upesi na una soko, lakini unakunywa maji mengi. Usiupeleke kwenye chemchemi ya watu kisha ukaita uhifadhi.

Kuna mfano mmoja wa Uganda ambao kila kijana wa harakati anapaswa kuujua wote, mzuri wake na mbaya wake. Mwaka 2007 serikali ilitaka kutoa takriban hekta 7,100 za msitu wa Mabira kwa kampuni ya sukari ya Lugazi ili ipanue mashamba ya miwa. Watu waliopinga hawakuishia kusema. Waliacha kununua sukari ya Lugazi. Familia zilibadilisha sukari ya chai yao ya asubuhi kwa ajili ya msitu ambao wengi wao hawajawahi kuukanyaga, na mpango ukasitishwa mwaka huo, ingawa uliibuka tena 2011. Sijui njia safi zaidi ya kuunganisha dai na maisha. Lakini Aprili 12 mwaka huohuo, katika maandamano ya Kampala, umati uliwageukia Wahindi, kwa kuwa wenye kampuni hiyo wana asili ya India, na mtu mmoja asiye na kosa lolote alipigwa mawe mpaka akafa. Wengine pia walikufa siku hiyo. Ninapoulizwa kama waandamanaji wa mazingira huishi kwa misingi yao, hapo ndipo fikra zangu huenda kwanza, kabla ya boda na chupa. Anayetetea uhai wa mti na kunyamaza mwenzake akimshambulia binadamu kwa sababu ya rangi yake hana msingi wowote uliobaki. Panga walinzi wa maandamano kutoka miongoni mwenu, na anayeanza matusi ya kabila au rangi atolewe papo hapo, hata kama ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote.

Uaminifu unadai pia kusema na wakubwa wote kwa sauti moja. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipopitisha azimio dhidi ya EACOP, Naibu Spika wetu Thomas Tayebwa aliliita ukoloni mamboleo, na wananchi wengi walikubaliana naye. Nawaelewa. Mei mwaka huohuo Kansela Scholz wa Ujerumani alikuwa Senegal akizungumzia gesi, na Januari 2023 kijiji cha Lützerath kilivunjwa huko kwao Ujerumani ili mgodi wa makaa ya mawe upanuliwe. Bomba lenyewe asilimia 62 ni mali ya TotalEnergies ya Ufaransa. Yataje hayo yote kwenye hotuba yako, tena mapema. Ukikemea Hoima peke yake utaonekana umetumwa. Ukikemea Paris na Berlin pamoja na Hoima, mkulima wa Buliisa, kwenye visima vya mafuta, aliyengoja fidia ya shamba lake atakusikiliza, kwa kuwa kilio chake ni kilekile.

Kuhusu ndege sitasema mengi. Greta Thunberg, kijana mwanaharakati wa Sweden, alivuka bahari kwa mashua mwaka 2019, kutoka Plymouth hadi New York, na ninamheshimu kwa hilo. Kijana wa Uganda hana mashua hiyo. Mwenzetu Mganda Vanessa Nakate alikuwa Davos, Uswisi, pamoja na wanaharakati wengine vijana Januari 2020, na bado shirika la habari lilimkata kwenye picha wakabaki wenzake wanne weupe. Asingekwenda kabisa ingekuwaje? Panda ndege kama una neno la watu wako la kupeleka. Lakini kabla ya kuondoka waulize wana nini cha kusema, na ukirudi kaa nao uwaeleze kilichojibiwa, hata kama hakuna kilichojibiwa. Aliyekwenda kwenye mikutano ya tabianchi ya Dubai au Sharm el-Sheikh akarudi na picha tu, safari yake haina utetezi.

Limebaki swali la tatu, la nani analipa, na ndilo linalotumiwa zaidi kutuvunja. Wanafunzi wa Kampala waliokamatwa kwa kupinga bomba, baadhi wakapelekwa gereza la Luzira, wameitwa vibaraka wa wazungu na watu ambao hawajui hata majina yao. Kukasirika hakusaidii. Andikeni kila shilingi: nani ametoa, nani amepokea nauli, kiasi gani, kwa kazi gani. Daftari hilo liwe mahali ambapo mwanachama yeyote, mzazi yeyote, na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, anaweza kulifungua. Anayekuja kwa ajili ya nauli ya kurudishiwa mtamjua ndani ya mwezi, kwa sababu siku isiyo na nauli haonekani. Mfadhili akikuletea mabango yaliyokwishaandikwa, mwombe kitambaa na rangi, maneno mtaandika wenyewe.