Kabla Hawajabadilisha Sindano, Omba Kuotesha

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, mama kafanyiwa upasuaji, kidonda kinatoa usaha, na sindano za antibiotiki zimeshabadilishwa mara tatu. Nifanyeje?" Nimemjibu, ila jibu lenyewe nataka mlisome wote, maana najua kila mmoja wetu ana mzee anayemuuguza au atakayemuuguza.

Baba yangu alilazwa kwa tezi dume. Upasuaji ulikwenda salama. Wakamwekea mpira wa mkojo, na homa ikamwanzia mle mle wodini. Akachomwa antibiotiki iitwayo seftriaksoni, ile ile waliyokuwa wakichomwa karibu wagonjwa wote wa wodi ile. Homa haikushuka. Nikauliza kama mkojo umepelekwa maabara kuoteshwa, yaani bakteria wakuzwe ijulikane ni wa aina gani na dawa ipi inawaua. Daktari wa zamu akanijibu, mbele ya wagonjwa, nisimfundishe kazi. Maneno yale yananichoma hadi leo.

Sikuondoka. Asubuhi nikamngoja bingwa, nikamwambia kwa adabu: "Daktari, naomba mzee aoteshwe mkojo, gharama nitalipa." Majibu yalipotoka: bakteria aitwaye Klebsiella, sugu kwa seftriaksoni, ila antibiotiki nyingine, meropenemu, inamuua bakteria huyo. Ukoo mzima tukachanga, maana dawa ile si bei ya mchezo. Homa ikakatika. Leo mzee anakwenda msikitini kwa miguu yake, nami najivunia kwamba nilisimama imara.

Bakteria wa aina ile hutengeneza kimeng'enya kinachoivunja dawa kabla haijafanya kazi, na uwezo huo huwagawia hata bakteria wa jamii nyingine. Wodi nzima ikichomwa dawa moja, dhaifu wanakufa, sugu wanabaki na kuzaana. Kisha wanahama kitanda hadi kitanda kwa mikono yetu, kwa kanula (kile kimpira cha kwenye mshipa), kwa mipira ya mkojo. Wala si jambo la jana. Utafiti uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa 2005 ulionyesha kuwa kati ya watoto ambao damu zao zilikutwa na bakteria wenye kimeng'enya hicho, asilimia 71 walifariki. Kwa waliokutwa na bakteria wasio nacho, asilimia 39. Duniani, mwaka 2019 pekee, usugu wa bakteria kwa dawa, wa aina zote kwa jumla, uliua watu wapatao milioni 1.27.

Kwa hiyo, ndugu zangu, ombeni kuotesha. Dawa ikigoma, ombeni kuotesha. Kila siku ulizeni kama mpira bado unahitajika. Naweni mikono kabla ya kumgusa mgonjwa na baada ya kumgusa, na msione haya kumwomba nesi naye anawe. Na ninyi mnaonunua antibiotiki ya Azuma dukani kila mafua yakiwapata, acheni! Mafua ni virusi, na mnawafunza bakteria mlio nao mwilini kuizoea dawa, kisha mnaingia nao hospitali.

Kama maabara ya mlipolazwa haioteshi, ombeni sampuli ipelekwe hospitali ya mkoa au ya kanda. Mgonjwa akiwa mahututi, matibabu yasingoje majibu: sampuli ichukuliwe kwanza, papo hapo sindano ichomwe.