Ukitaka Meli Yako ya Anga Ionekane Kubwa

Modeli nyingi za meli za anga zinazorushwa mtandaoni zimeundwa na watu wenye mikono mizuri kuliko yangu, na bado zinaonekana kama midoli. Mistari imejaa, taa zinawaka kila pembe, vidude vimebandikwa hadi chini ya tumbo, lakini jicho linakataa kuamini kwamba ndani ya kitu kile wanaishi watu. Si kwamba vitu vimepungua. Ni kwamba hakuna hata kimoja kinachomwambia mtazamaji meli hii ina ukubwa gani. Ushauri ninaoutoa hapa nimeupata kwa kuunda Enterprise, ile ya tamthilia ya kwanza ya Star Trek iliyoanza kuonyeshwa Marekani Septemba 1966, kwa kutumia Blender, programu ya kuundia maumbo ya pande tatu, kwenye laptop ya kawaida. Hata kama unaunda meli uliyoibuni mwenyewe, mengi yatakufaa.

Enterprise inadanganya kwa urahisi wake: sahani moja, pipa moja, mirija miwili ya injini iliyoshikiliwa na mihimili. Matt Jefferies aliyeichora alikuwa mtu wa ndege, na alitaka ngozi ya meli iwe laini, mitambo ikae ndani ambako fundi anaifikia bila kutoka nje. Sasa meli laini haina pa kuficha aibu. Ukikosea uwiano, huna mabomba ya kufunikia.

Kabla hujafungua programu, amua unaunda Enterprise ipi. Modeli ya kushikika iliyotumika kupigia picha tamthilia, yenye urefu wa mita 3.4 hivi, ilibadilishwa zaidi ya mara moja. Kwenye kipindi cha kwanza cha majaribio haikuwa na taa ndani, na vichwa vya injini vilikuwa na miiba mbele. Baadaye wakaiwekea taa, wakaondoa miiba, wakaweka makuba yanayopitisha mwanga, na nyuma ya makuba hayo taa ndogondogo za mti wa Krismasi pamoja na mota ya kuzungusha mwanga. Ukichanganya picha za nyakati hizo utapata meli ambayo haijawahi kuwepo, na utaligundua hilo ukiwa umeshamaliza madirisha.

Modeli yenyewe iko Washington, kwenye jumba la makumbusho la anga la Smithsonian, lililoipokea mwaka 1974. Ilifanyiwa ukarabati mkubwa na kurudishwa hadharani 2016. Picha za ukarabati huo naziamini kuliko michoro ya mashabiki. Michoro ya mashabiki hupendeza, lakini weka mmoja juu ya mwingine uone kama shingo ya meli itakaa mahali pamoja. Picha nazo zina hila yake: lenzi pana huvimbisha kilicho karibu na kukondesha kilicho mbali, kwa hiyo tafuta zilizopigwa kutoka mbali kwa lenzi ndefu. Za simu alizopiga mtalii akiwa amesimama chini ya sahani, tumia kuangalia rangi na maandishi, usizitumie kupimia.

Tuje kwenye vipimo, na hapa naomba utulie. Katika hadithi, meli ina urefu wa futi 947, yaani mita 289 hivi, na inabeba watu 430. Gawanya urefu huo kwa urefu wa modeli utaona kwamba kila sentimita 1 ya modeli inasimama badala ya sentimita 85 za meli. Mtu wa mita 1.7 anakuwa na sentimita 2 tu. Ukishalijua hilo, unaanza kuelewa kwa nini waundaji wa modeli ile hawakuhangaika na kila bawaba na kila skrubu.

Kwa hiyo weka kipimo cha Blender kuwa mita na uunde meli kwa ukubwa wake kamili, mita 289 kweli. Kisha tengeneza mtu: silinda ya mita 1.7 yenye rangi nyekundu, inatosha. Huyo mtu asiondoke kwenye faili mpaka siku ya mwisho. Kila unapoongeza dirisha, mlango au ngazi, mlete asimame pale. Dirisha la mita 4 kwenda juu si la chumba cha kulala cha baharia, ni la ukumbi wa harusi. Kuba dogo la juu kabisa, ambalo chini yake ndipo palipo na chumba cha amri na kiti cha Uhura, afisa wa mawasiliano, litakupa jibu la haraka kuliko vyote: mtu wako akigonga kichwa kwenye dari, kuna mahali umekosea vipimo. Jambo moja la kiufundi: ukiunda kitu kikubwa namna hii, meli inaweza kukatika vipande au kutoweka ukirudi nyuma. Haijaharibika. Ongeza thamani ya Clip End, umbali ambao programu inaacha kuonyesha vitu, kwenye dirisha la kazi na kwenye kamera pia.

Umbo la jumla liundwe kwa vitu vya kitoto kabisa, silinda na diski, bila dirisha hata moja. Mtu anayeanza na madirisha kabla uwiano haujakaa sawa anachonga nakshi za mlango ambao fremu yake haijaingia ukutani. Ipake meli rangi nyeusi tupu, iweke mbele ya mandharinyuma nyeupe, irudishe nyuma mpaka iwe na ukubwa wa kidole gumba kwenye skrini. Bado inatambulika? Fanya hivyo kwa mbele, ubavuni, na kwa kona ya juu. Mimi hukaa hatua hii muda mrefu kuliko wengi wanavyovumilia, na sijawahi kujuta.

Sahani ndiyo sura ya meli, kwa hiyo nitaizungumzia zaidi. Usianze na diski ukaivutavuta. Chora nusu ya mkato wake, mstari tu unaotoka katikati hadi ukingoni na kurudi chini, halafu uzungushe kwa modifaya ya Screw (modifaya ni zana inayobadilisha umbo huku la asili likibaki). Ukitaka kubadilisha mkunjo, unagusa nukta chache na sahani nzima inafuata. Swali ni uigawe sehemu ngapi. Kipenyo chake ni mita 127 hivi. Ukiigawa sehemu 32, kila upande unakuwa ubapa wa zaidi ya mita 12, na katikati ya ubapa huo unakuwa ndani ya duara halisi kwa sentimita 30. Kamera ikisogea karibu, ukingo utaonekana kama sarafu iliyopigwa nyundo. Ukiigawa 128, kosa linashuka hadi sentimita 2. Hata hivyo mimi nachagua 192. Sababu si ulaini peke yake. Mistari inayotoka katikati ya sahani kwenda ukingoni hupangwa vizuri kila nyuzi 15, yaani mistari 24, na 192 inagawanyika kwa 24 bila baki, ilhali 128 haigawanyiki. Kila mstari unaangukia kwenye ukingo uliopo tayari, na hukati kitu.

Kukata ndiko kunakoua modeli. Mtu anachukua kisanduku, anatumia Boolean, zana inayokata umbo kwa umbo jingine, kutoboa dirisha kwenye uso uliopinda, na ghafla panatokea madoa na mikunjo ya kivuli kuzunguka tundu. Anaongeza poligoni, vile vipande bapa vinavyounda uso, madoa yanazidi. Chanzo chake ni kwamba mkato umeacha pembetatu nyembamba ndefu, na programu inakisia vibaya uso unaelekea wapi. Kwenye sehemu bapa, Boolean haina neno. Kwenye mkunjo, ninaunda dirisha kama kipande chake chenyewe, chenye fremu na kioo, kisha nalilaza juu ya ngozi kwa modifaya ya Shrinkwrap, likiwa limeinuka kidogo sana. Kutoka umbali wa mita 50 hakuna atakayejua kwamba hakuna tundu. Yale machache ambayo kamera itayapita kwa karibu ndiyo ninayoyatoboa kweli, na nyuma yake naweka kichumba chenye ukuta na taa, kwa sababu dirisha lenye kina huonekana la kweli mara tu kamera inaposogea.

Usiwashe madirisha yote. Meli yenye watu 430 ina walio zamu na waliolala. Acha mengi giza, na yanayowaka yasiwe na mwanga wa aina moja.

Modifaya ya Mirror itakuokoa nusu ya kazi, ila maandishi yatoe nje yake. NCC-1701 iliyogeuka kama kwenye kioo cha gari la wagonjwa ni kosa ambalo watazamaji huliona kabla hawajaona uzuri wowote. Tena ukiwa mwaminifu kwa modeli ya awali utakumbana na jambo la ajabu: ubavu wa kushoto haukumalizwa, kwa sababu nyaya za taa zilitokea huko na kamera haikupita. Kwa hiyo ubavu huo unaukamilisha kwa akili yako. Mimi niliakisi wa kulia.

Sasa rangi na mistari ya paneli, ambako nina ugomvi na nusu ya waundaji wenzangu. Modeli ya awali ilikuwa na mistari ya penseli juu ya sahani, hafifu kiasi kwamba kwenye televisheni za wakati ule haikuonekana sana. Ukarabati wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 uliichorea paneli nzito, wakalalamika mashabiki miaka na miaka, na ule wa 2016 ukaziondoa. Nadhani walalamikaji walikuwa na haki. Mfereji mweusi kati ya paneli, ukiupima kwa yule mtu wako mwekundu, mara nyingi unakuta una upana wa kumeza mguu. Nani anajenga meli namna hiyo? Badala ya kutia paneli weusi, badilisha mng'ao wake: thamani ya Roughness ipande au ishuke kidogo kutoka paneli moja hadi nyingine, rangi ibaki karibu ileile. Meli ikiwa imetulia, uso unaonekana mtupu. Ikigeuka, mwanga unapita juu yake na paneli zinajitokeza na kuzama tena. Hapo ndipo inapoanza kuwa nzito.

Kama meli yako ni ya ukoo mwingine, ule wa Star Wars ya 1977 ambako mafundi walibandika vipande kutoka kwenye vifurushi vya modeli za plastiki za vifaru na magari ya vita, basi vidude ni halali yako. Lakini vikusanye penye sababu: kuzunguka injini, penye lango la kuegesha, kwenye mfereji wa katikati. Acha maeneo mapana yakiwa matupu ili jicho lipumzike na lipate cha kulinganisha. Na usinakili kipande kwa Shift+D mara mia. Tumia Alt+D, ili nakala zote zichote umbo moja kwenye kumbukumbu. Laptop yenye RAM ya GB 8 inaweza kubeba maelfu ya vidude kwa njia hiyo. Kwa njia ya kwanza itakuganda mikononi. Faida ya pili ni kwamba ukirekebisha kimoja, vyote vinarekebika.

Mwanga uwe mmoja mkali. Kutoka hapa duniani, jua lina upana wa nusu nyuzi hivi, ndiyo maana vivuli vyake vina kingo kali, na kivuli chenye kingo kali juu ya kitu kikubwa ndicho jicho limezoea. Taa kubwa laini za studio hurudisha meli mezani. Weka taa ya Sun, angle yake iache karibu na nusu nyuzi, kisha ongeza taa hafifu upande wa pili ili umbo lisimezwe na weusi. Wanasayansi watakuambia angani hakuna mwanga wa upande wa pili. Wako sahihi, na wewe itie tu. Ukungu wa lenzi, ule wa mbele kuonekana vizuri na nyuma kufifia, uzime kabisa: kamera halisi ikitazama kitu cha mita 289 kutoka mbali huona chote kwa ukali. Ukungu huo ni alama ya kitu kidogo kilicho karibu. Na kamera isogee polepole, polepole kuliko unavyotaka.

Kurenda, yaani kuiacha kompyuta ikokotoe picha za mwisho, ni suala la umeme kuliko la sanaa. Sekunde 10 kwa picha 24 kila sekunde ni picha 240. Kila moja ikichukua dakika 4, hizo ni saa 16. Usirende moja kwa moja kuwa video. Renda picha mojamoja za PNG kwenye folda, ili umeme ukikatika kwenye picha ya 173 uendelee kutoka hapo na si kutoka mwanzo. Ziunganishe baadaye. Punguza sampuli, yaani mara ambazo kila nukta ya picha inakokotolewa, na uwashe kiondoa chembe cha Cycles, injini ya Blender ya kurenda kwa ubora. Kwa meli yenye rangi ya kijivu na anga jeusi, tofauti na sampuli nyingi ni ndogo mno kulipia uniti za LUKU. Picha za majaribio zifanye kwa Eevee, injini yake ya haraka.

Faili zihifadhi kwa namba, meli_01, meli_02, na kila kipande kipe jina siku unayokiunda. Cylinder.047 hutaikumbuka.

La mwisho ni kuhusu kuuza, maana naulizwa. Enterprise ina wenyewe. Kuiunda kwa kujifunza, kuionyesha kwa watu na kuiweka kwenye kazi zako za kuombea ajira, watu hufanya kila siku. Kuuza faili yake au kuichapa kwa plastiki na kuiuza ni kutafuta barua ya mawakili. Unayetaka hela, chukua yule mtu mwekundu, chukua vidude vyako, futa sahani, na uanze meli yako mwenyewe.