Deni la Wifi Usimsingizie Ibilisi

*Shangazi, nimeokoka miaka minne iliyopita na ninaipenda huduma, lakini sina amani. Usiku naota nimeitwa hukumuni, nashtuka nimelowa jasho. Nikisikia mahubiri ya siku za mwisho moyo unadunda hadi nashindwa kukaa. Nimetubu mara zisizo na idadi, nafunga Jumatano na Ijumaa, mkesha sikosi, na watumishi watatu wameniombea. Zamani, kabla sijaokoka, wifi yangu aliniachia fedha nimtunzie. Zikatumika wakati wa shida, nikasema zimeibwa. Shemeji yangu aliyekuwa akiishi nasi akashukiwa, akahama. Hayo yalishapita na Mungu alishanisamehe. Tatizo ni mume wangu. Hajawahi kuninyanyua mkono, ila siku hizi amekuwa mkali, anasema mimi ni mgeni nyumbani mwangu. Naamini adui anamtumia kunifunga. Nifanyeje niwe huru? — Mama Asiye na Amani*

Pole, mwanangu. Kukosa usingizi ni mateso, simwombei mtu. Pole yangu inaishia hapo.

Ndoto umezieleza kwa kirefu, mfungo umeueleza, mume umemshitaki. Fedha za wifi umezipita mbiombio kama mtu apitaye mbele ya duka analodaiwa. Na yule kijana aliyebebeshwa wizi wako umempa mstari mmoja: akashukiwa, akahama. Kwako yamepita. Kwake yeye bado anaitwa mwizi, na huenda kila ndugu wakikutana, mikoba inavutwa karibu. Halafu unauliza kwa nini huna amani!

Hiyo hofu si pepo. Dhamiri yako ni nzima, inafanya kazi yake, na wewe unazunguka kwa watumishi ukiomba waitoe. Haitatoka. Dawa ya deni ni kulipa.

Mume wako simwoni na kosa. Siku mbili za juma umefunga, usiku mwingine uko mkesha, na usiku uliobaki unashtuka kitandani bila kusema kinachokusumbua. Angekuwa mtu gani asiwe mkali? Paulo katika 1 Wakorintho 7:5 anawaambia wanandoa wasinyimane, isipokuwa wamepatana, kwa muda, wapate kusali, kisha wajiane tena. Hata maombi yana makubaliano. Wewe ulikubaliana na nani?

Hili limekuwa ugonjwa wa ndoa za siku hizi. Mke anampigia mtumishi simu saa nane za usiku, mume amelala chumba hichohicho. Mume anasikia siri ya nyumba yake kwenye kipaza sauti, pamoja na wageni waliokaa viti vya nyuma. Waume nao wana mikesha yao, wanaiita kazi. Watu wanajuana nywila za simu na hawajuani mioyo, kisha nyumba ikitikisika anatafutwa adui wa nje. Mficha uchi hazai.

Turudi kwenye Maandiko unayoyapenda. Kosa lako limeandikwa kwa jina katika Mambo ya Walawi 6: mtu aliyemdanganya mwenzake katika jambo la amana. Torati inamtaka arudishe kitu chote kizima, aongeze sehemu ya tano juu yake, na amkabidhi mwenyewe siku ileile anapopeleka sadaka yake ya hatia. Bwana Yesu hakulegeza kamba hiyo. Mathayo 5:23-24 anasema ukikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka hapohapo, nenda kapatane naye kwanza. Wewe unakumbuka kila Ijumaa na unaendelea kutoa.

Usinielewe vibaya. Fedha hazinunui msamaha. Yuda naye alirudisha vile vipande 30 vya fedha na kukiri kwamba ameisaliti damu isiyo na hatia. Lakini alikwenda kwa makuhani, wakamwambia hayo hayawahusu, naye akaenda kujinyonga. Petro alimkana Bwana mara tatu, akalia kwa uchungu, lakini alibaki na wenzake mpaka Bwana alipomuuliza mara tatu kando ya ziwa kama anampenda. Hatia mbele za Mungu ilibebwa msalabani, na 1 Yohana 1:9 inasema tukiziungama dhambi zetu Yeye ni mwaminifu na wa haki. Ukiungama kweli mara moja, imetosha. Ila msalaba haukujaza mkoba wa wifi yako, wala haukumsafishia shemeji jina mbele ya ukoo. Hiyo ni kazi yako wewe uliyesamehewa, na hofu yako inatoka hapo: unamwambia Mungu umesamehewa, huku kila siku unaulinda uongo uleule.

Sasa fanya hivi. Chukua karatasi uandike kiasi ulichochukua, uongo uliousema, na majina ya wote waliousikia. Ukiyaacha kichwani yatapungua kila ukiyakumbuka.

Anza na mume, maana wifi ni dada yake na shemeji ni mdogo wake. Chagua saa ambayo ameshapumzika, watoto hawapo, na hamjatoka kugombana. Sentensi nne zinatosha: nilichukua fedha za dada yako, nikazitumia, nikadanganya kuwa zimeibwa, nikamwacha mdogo wako abebe lawama. Kisha nyamaza. Wengi huharibu hapa. Usiseme shetani alinipitia. Usiseme nisamehe kama nilikukosea, kwa sababu hapo hakuna kama. Usiunganishe na "lakini na wewe". Na usitangulize machozi, maana ukilia kabla hujamaliza, yeye aliyekosewa ndiye atakayeanza kukubembeleza. Asipokujibu usiku huo, mwache. Wewe umepewa miaka ya kulizoea jambo hili, yeye umempa dakika tano.

Wifi mwendee ana kwa ana, ujumbe wa simu hautoshi. Nenda na fedha mkononi. Ulichukua kumi, rudisha kumi na mbili. Kama huna zote, peleka fungu la kwanza pamoja na karatasi yenye tarehe za mafungu yaliyobaki, uisaini. Fedha hizo zitoke kwenye jasho lako. Usidokoe matumizi ya nyumba, utakuwa umehamisha deni tu. Ahadi za michango ya kanisani zisimamishe mpaka umalize. Mchungaji akinuna, msomee Mathayo 5.

Shemeji ndiye mzigo mkubwa. Kumwomba radhi chemba haitoshi, kwa sababu alichafuliwa mbele ya watu. Ita walewale walio kwenye karatasi yako, mume wako awepo, useme: hakuchukua, nilichukua mimi. Usimdai akukumbatie. Na mpaka siku hiyo ipite, kipaza sauti cha ushuhuda usikiguse. Ushuhuda wako ukimfikia wifi kupitia kwa jirani, utakuwa umemwibia mara ya pili.

Mawazo yatarudi hata baada ya hapo, nakuambia mapema. Hatia ya kweli ina jina, ina mtu, ina jambo la kufanya. Ukishalifanya, kinachobaki ni mashitaka matupu, na Ufunuo 12:10 unamtaja mwenye kazi hiyo, Shetani, mshitaki wa ndugu zetu. Mashitaka hayo usiyajibu kwa kutubu upya. Ignasio wa Loyola, mtakatifu wa Kikatoliki aliyeanzisha shirika la Wajesuiti, mwaka 1522 kule Manresa, Hispania, aliungama dhambi zilezile tena na tena, kila akimaliza akihisi amesahau moja. Alipata nafuu alipoamua kutoyaungama tena ya zamani. Nawe fanya hivyo: sema mara moja Warumi 8:1, hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu, kisha inuka uendelee na kazi. Ukijikuta unarudia sala ileile mara 20 ukiogopa umekosea neno, na hali hiyo haiachi, nenda kwa daktari wa afya ya akili. Kuna wasiwasi ambao ni maradhi, una mashauri na dawa zake, na kumwona daktari si kukosa imani.

Mfungo na mikesha punguza kwa sasa. Mwili usiolala huogopa hata kivuli chake, na ndoto zako nyingine, nakwambia, ni njaa na uchovu.

Wifi anaweza kukataa kukusamehe. Ana haki hiyo, na wewe lipa tu kwa tarehe ulizoandika. Akikataa hata kuzipokea, muulize mume wako zipelekwe kwa nani, ila wazo lolote la kuzirudisha mfukoni mwako likatae. Na kama amekwisha fariki, Hesabu 5:8 inampa jamaa yake wa karibu haki ya kupokea malipo hayo. Ijumaa hii mkesha uache, uzungumze na mume wako.