Ushuru wa nguo umepanda, mbona fundi bado haoni faida?

SWALI: Mtaalamu habari za kazi. Nna karakana ndogo ya mashati ya vitenge Mbagala, vyerehani sita. Tulisikia ushuru wa nguo za nje umetoka 25% ukaenda 35%, nikajua sasa tumepona, ila faida siioni. Je tukipiga kelele iwe 50% itasaidia?

JIBU: Salama ndugu yangu. Unaangalia ushuru wa shati tu, wakati ulinzi wako unategemea na ushuru wa kitambaa unachoshonea. Hiyo 35% ni kweli, Jumuiya ya Afrika Mashariki iliongeza daraja hilo kwenye ushuru wa pamoja Julai 2022, kabla ya hapo tulikua na 0% ya malighafi, 10% ya bidhaa za kati na 25% ya bidhaa zilizokamilika. Lakini kitenge hakipo kwenye madaraja hayo, kipo kwenye orodha ya bidhaa nyeti, yani zinazowekewa ushuru mkubwa kuliko kawaida, pamoja na khanga na kikoi, na huko ni 50%.

Tupige hesabu, namba ni za mfano na VAT naiacha pembeni. Shati la nje linafika bandarini kwa 20,000, kitambaa chake peke yake bei ya dunia ni 12,000, kwahiyo bila ushuru wowote inabaki 8,000 ya kulipa mafundi, umeme, pango na wewe mwenyewe. Enzi za 25% shati la nje lilikua linasimama 25,000 na kitambaa chako, kwa ile 50%, ni 18,000, inabaki 7,000. Yani serikali inasema inakulinda na wewe una hali mbaya kuliko kusingekua na ushuru kabisa! Sasa kwa 35% shati linafika 27,000, inabaki 9,000, umeongezewa buku tu juu ya ile 8,000, yani ulinzi halisi ni 12.5% na sio 35% uliyoisikia redioni. Na usiniambie unanunua kitenge cha hapahapa, maana mwenye kiwanda naye anapandisha bei mpaka chini kidogo ya kile cha nje, hakuna mtu anaacha hela mezani.

Ikiwa 50% kwenye karatasi utabakiwa na 12,000, sawa, ila shati limefika 30,000 na mteja wako hajaongezewa mshahara, atavuka barabara aende kwenye mitumba. Na mitumba nayo ina siasa zake: Rwanda mwaka 2016 ilipandisha ushuru wa mitumba toka dola 0.20 mpaka 2.50 kwa kilo, Marekani ikaja kuwasimamishia 2018 nafuu ya nguo ya AGOA, ule mpango wake wa kuruhusu bidhaa za Afrika ziingie bila ushuru, wenzao wa Jumuiya walisharudi nyuma mapema.

Mimi ningekua nyie nisingepigania shati, ningepigania kitambaa. Ushuru wake ukishuka mpaka 10% na wa shati ukabaki 35%, inabaki 13,800 bila mteja kuongezewa hata shilingi. Hapo sasa utagombana na wenye viwanda vya nguo, na wana hoja, kwasababu pamba yetu ya Shinyanga na Simiyu nyingi inatoka nchini ikiwa robota hata haijasokotwa, wanasema bila hiyo 50% watafunga kabisa. Binafsi naona kumlinda mfumaji kwa kumkamua mshonaji ni ujenzi wa viwanda wa kichwa chini, ajira nyingi zipo kwenye cherehani, ila hilo ni la wanasiasa kuamua.

Kama unafikiria kuuza nje ndo balaa zaidi, kule utalipwa 20,000 ileile ya dunia huku kitambaa umenunua 18,000. Ndo maana Wakorea miaka ya 60 soko lao la ndani walilifunga lakini anayeuza nje aliingiza malighafi bila ushuru, na viwanda vya Athi River Kenya vinashona nguo za Marekani kwa vitambaa vya kutoka Asia. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya 2004 inaruhusu msamaha wa ushuru kwa malighafi ya namna hiyo, ila ukiuza shati hilo ndani ya Jumuiya ushuru unalipwa wote.

Cha kufanya: viwango vinabadilishwa kila mwaka kwenye gazeti rasmi la matangazo ya Jumuiya linalotoka mwisho wa Juni, na nchi moja moja huwa zinaomba kutumia kiwango chake. Mtafute wakala wa forodha akusomee mstari wa Tanzania kwa kitambaa chako hasa, alafu mkae mafundi kadhaa mpeleke pendekezo miezi kadhaa kabla ya bajeti, likiwa na hesabu kama hii ila kwa risiti zenu wenyewe.